Watu laki moja uwanjani, spika ya nini?

Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan, pale Ann Arbor, una nafasi ya watu 107,601. Chukua Benjamin Mkapa uliofurika siku ya Simba na Yanga, watu 60,000, uwahamishie kule wote. Bado utabaki na viti zaidi ya 47,000 vya kuuza. Na huo ni uwanja wa chuo, jamani. Wanaocheza ni wanafunzi.

Kwa msomaji ambaye hana habari na mchezo wenyewe, nazungumzia futiboli ya Kimarekani, ule mpira wa umbo la yai, helmeti na mabega ya plastiki. Vyuo vya kule vina timu, na timu hizo zina mashabiki ambao ukiwaambia wachague kati ya harusi ya mpwa wao na mechi ya Jumamosi, basi mpwa atafute tarehe nyingine. Mechi za mchana zikianza kule, huku kwetu ni saa moja au saa mbili usiku, kutegemea kama wamesharudisha saa zao nyuma. Ndiyo maana wapo Waswahili wengi tu ambao siku hizi wanazifuatilia, hasa walio na ndugu wanaosoma huko.

Sasa ukizitazama mechi hizi misimu miwili mitatu, kuna jambo litakukera. Kila mpira unaposimama, spika zinafunguliwa. Mpira umetoka nje, wimbo. Mchezaji ameangushwa, wimbo. Mwamuzi anafunga kamba za kiatu, wimbo, tena kwa sauti ya kupasua kichwa. Watu laki moja wamelipa hela zao waje kupiga kelele, halafu kuna mtu kakaa kwenye chumba chenye kiyoyozi anawapigia yeye.

Huko ni kuua mchezo, na si suala la uzee wala ushamba. Katika futiboli ya Kimarekani kelele ni silaha halali. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, na kabla ya kila jaribio kwotabeki, yule kiongozi wa mashambulizi, anapaswa kuwapa wenzake maelekezo na ishara ya kuanza. Wasipomsikia, mmoja anachomoka mapema na timu inarudishwa nyuma yadi 5. Kwa hiyo mashabiki wa nyumbani wakiwa na mpira wao hutulia tuli, utadhani wapo msibani. Mpira ukiwa kwa wageni, hasa jaribio la tatu, wanafungulia. Tangu 2024 kanuni za NCAA zimeruhusu timu za daraja la juu kumwekea mchezaji mmoja redio ndani ya helmeti ili kocha aongee naye, lakini redio hiyo inakatwa zikibaki sekunde 15 kwenye saa ya kuanzisha mchezo. Baada ya hapo ni mdomo, mikono, na huruma ya jukwaa.

Shabiki wa huku anayejiita mchezaji wa 12 anatania tu. Chuo cha Texas A&M kinalisema jambo hilo kikimaanisha. Januari 2, 1922, wachezaji wao walikuwa wanaumia mmoja baada ya mwingine, kocha akamwita mwanafunzi aliyekuwa jukwaani, E. King Gill, avae jezi akae tayari. Hakuingizwa hata dakika moja. Lakini alisimama pale pembeni, na hadi leo wanafunzi wa chuo hicho hutazama mechi wakiwa wamesimama, kuonyesha kwamba wakiitwa wapo. Huyo ni mtu anayejiona ni sehemu ya timu. Hahitaji kukumbushwa na spika kwamba apige makofi.

Au chukua Oktoba 8, 1988, pale Baton Rouge, Louisiana. LSU wako nyuma 6-0 dhidi ya Auburn, zimebaki chini ya dakika mbili, jaribio la nne na la mwisho. Tommy Hodson anamrushia Eddie Fuller mpira ndani ya eneo la kufungia, LSU wanashinda 7-6, na watu karibu 80,000 wanaruka kwa pamoja kiasi kwamba kipimo cha matetemeko ya ardhi kilichokuwa hapo chuoni kiliandika mtikisiko. Kule wanaiita mechi ya tetemeko. Hakukuwa na DJ aliyeandaa hilo.

Bado sijagusa bendi. Hapa ndipo futiboli ya vyuo inapowashinda wenzao wa ligi ya kulipwa kwa mbali kabisa. Kila chuo kikubwa kina bendi ya matarumbeta na ngoma, vijana mamia wenye sare, wanaofanya mazoezi wiki nzima kama timu. Bendi ya Ohio State imekuwa ikiandika neno "Ohio" uwanjani kwa miili yao tangu 1936, na kijana mwenye tarumbeta kubwa kuliko yote ndiye anayekwenda kusimama kuwa nukta juu ya herufi "i". Watu wanalia machozi kwa nukta hiyo.

Nenda kwenye vyuo vya kihistoria vya Wamarekani weusi ndiyo utachanganyikiwa. Southern, Jackson State, Grambling, Florida A&M. Pale wakati wa mapumziko hakuna anayekwenda kununua soda. Soda inanunuliwa mpira unapochezwa. Bendi ya Florida A&M ilichaguliwa kwenda kuiwakilisha Marekani kwenye gwaride la Paris, Julai 14, 1989, Wafaransa walipoadhimisha miaka 200 ya mapinduzi yao. Na kila wikiendi ya sikukuu ya Thanksgiving, Grambling na Southern wanapokutana New Orleans, yapo mapambano mawili: ya timu na ya bendi. Wapo wanaokwenda kwa ajili ya hilo la pili tu. Wazee wetu waliosimuliwa habari za beni, Marini na Arinoti wakigombea ubingwa wa sare na tarumbeta kuanzia Lamu mpaka Dar es Salaam, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Bendi hizi hupiga kwa pumzi na mikono, zikiutazama mchezo. Mpigaji anajua timu imechoka, anajua jukwaa limenyong'onyea, anapandisha. Spika haijui lolote. Inaweza kupiga wimbo wa sherehe wakati kijana wa watu amelala chini anasubiri machela.

Kwa nini basi imefika hapa? Jibu ni televisheni. Mechi ina dakika 60 za saa, lakini mtu anakaa uwanjani zaidi ya saa tatu. Muda mwingi katika huo ni wa kusubiri, na sehemu kubwa ya kusubiri ni matangazo. Mwaka 2022 ligi ya Big Ten ilisaini mikataba ya televisheni ya zaidi ya dola bilioni 7 kwa miaka saba. Hela ya namna hiyo hairudi yenyewe. Inarudi kwa matangazo ya magari na pizza. Wewe nyumbani unaangalia tangazo, lakini aliyeko uwanjani anaangalia nyasi, na wachezaji wamesimama mikono kiunoni kama wanasubiri daladala. Lile shimo lazima lizibwe. Zamani lilizibwa na bendi na nyimbo za wanafunzi. Siku hizi linazibwa na spika, ambayo haina mshahara wala haichoki.

Halafu wapo vijana wanaosakwa, wale wa miaka 17 wanaotembezwa vyuoni ili washawishike kusaini. Makocha wanataka kijana akifika aone uwanja kama klabu ya usiku. Naielewa hoja hiyo, ila naona inamdharau kijana mwenyewe. Mtu anayetoka mji mdogo akisikia watu 100,000 wananguruma kwa ajili ya jaribio la tatu, hilo linamtosha. Muziki wa spika anao kwenye simu.

Kichekesho kikubwa ni kanuni zenyewe. Mashabiki wa Mississippi State wana desturi ya kwenda uwanjani na kengele za ng'ombe. Ndiyo, zile za shingoni. Ligi yao, SEC, ilipiga marufuku vifaa vya kutengeneza kelele mwaka 1974, na wakulima na watoto wao wakawa wanazificha ndani ya makoti kwa miaka mingi. Mwaka 2010 ndipo ligi ikalegeza, tena kwa masharti ya saa ngapi utikise na saa ngapi uache, na ukikosea chuo kinapigwa faini. Halafu 2014 ligi hiyohiyo ikaruhusu muziki upigwe katikati ya jaribio moja na jingine, mradi uzimwe wageni wanapojipanga. Yaani kengele ya bibi iliyorithiwa ni hatari kwa mchezo, lakini ukuta wa spika ni burudani! Hapo mimi nimeshindwa.

Kuna atakayesema, mbona mashabiki wenyewe wana kelele kuliko spika? Kweli kabisa. Mwaka 1992 pale Seattle, jukwaa la Chuo Kikuu cha Washington lilipimwa likafika desibeli 133.6. Hiyo inaumiza sikio, sikatai. Ila kelele za watu zina pumzi. Zinapanda sekunde kadhaa, zinashuka, watu wanakaa, mzee anamwelekeza mjukuu wake kilichotokea, jirani anabishana na jirani. Spika inaziba hata ule mwanya wa kubishana, na ubishi ndio nusu ya tiketi. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo mwaka 2022 kwa kumbi na matukio ya muziki: wastani usizidi desibeli 100 ukipimwa kwa dakika 15. Viwanja vya michezo navyo vingefaa kupima, na namba zitangazwe kama wanavyotangaza idadi ya walioingia. Mtoto wa miaka mitano anayeletwa na baba yake hana pa kulalamikia.

Sisemi muziki wote uondoke. Wisconsin wana wimbo wao, Jump Around, unaopigwa kabla ya robo ya nne tangu 1998, na uwanja mzima unaruka. Mwaka 2003 uongozi uliusimamisha kwa hofu ya jengo wakati wa ukarabati. Wanafunzi wakaja juu, wahandisi wakathibitisha jukwaa liko salama, wimbo ukarudi. Virginia Tech nao huingia uwanjani na Enter Sandman ya Metallica tangu 2000, na mwaka 2025 Metallica wenyewe wakaenda kuupiga ndani ya uwanja huo. Hizi ni nyimbo ambazo watu wamezifanya zao. Zinakuja mara moja, kwa saa yake, na watu huzisubiri. Wimbo wa 40 wa jioni hiyohiyo hausubiriwi na mtu.

Na huku nyumbani tusijifanye hayatuhusu. AFCON ya 2027 inakuja Kenya, Uganda na Tanzania, na waandaaji watauziwa kila kitu, pamoja na hizo spika na washereheshaji wa kuamrisha watu wapige kelele. Tayari viwanja vyetu vina tabia ya kuziba matarumbeta ya mashabiki kwa nyimbo za matangazo kabla mechi haijaanza. Wenye ngoma na wenye matarumbeta wapewe nafasi yao jukwaani mapema, na fundi mitambo apewe orodha fupi ya lini afungue na lini aache. Robo saa ya kuandika, imeisha.

Vyuo vya Marekani navyo haviwezi kurudisha hela ya televisheni, najua. Lakini tangazo likianza, bendi ipo palepale, imekaa, ina midomo ya kupulizia. Wapewe wao. Na jaribio la tatu liachiwe jukwaa, spika zisiguswe kabisa.

Anayetaka kuona inavyokuwa aisubiri mechi ya Army na Navy, vyuo vya jeshi la nchi kavu na la majini, inayochezwa Desemba. Filimbi ya mwisho ikilia, timu zote mbili zinakwenda kusimama mbele ya wanafunzi wa upande ulioshindwa, wimbo wa chuo chao unaimbwa. Kisha wote wanahamia upande wa walioshinda, unaimbwa wa pili. Walioumia, wenye matope, wanaolia, wote wima. Fundi mitambo atakayebonyeza wimbo wa disko dakika ile, mimi simwombei msamaha. Ashughulikiwe na majenerali.