Mbwa Kali au Mbwa Mkali? Upatanisho wa Maneno na Vitendo

Katika mitaa mingi ya Nairobi na miji mingine ya Kenya, malango ya nyumba hutundikwa kibao chenye maneno mawili: "Mbwa Kali". Mwanafunzi wa Kiswahili apitapo hapo hutabasamu. Amefunzwa tangu shule ya msingi kuwa nomino "mbwa", ingawa haibadiliki umbo katika umoja na wingi, humtaja kiumbe mwenye uhai, na kwa sababu hiyo huchukua upatanisho wa ngeli ya A-WA. Ilipasa kuandikwa "Mbwa Mkali". Mhadhiri naye hukitumia kibao hicho kama mfano darasani. Wanafunzi wakacheka, somo likaendelea. Aghalabu hakuna aulizaye swali la pili: je, huyo mbwa aliye nyuma ya lango amepewa maji leo?

Swali hilo la pili ndilo linalostahili mjadala, na sarufi yenyewe ndiyo inayolizua. Kiswahili kimewapanga wanyama katika safu moja na wanadamu. Mtoto amelala, paka amelala. Mgeni amefika, mbwa amefika. Nyumba, meza na kalamu zimetengewa ngeli nyingine. Anayesema "mbwa imelala" amemwondoa kiumbe huyo katika kundi la wenye uhai na kumweka pamoja na vyombo. Yamkini ndiyo sababu kibao hicho, pamoja na kosa lake, husema ukweli ambao mwandishi wake hakuukusudia. Katika maboma mengi mbwa hufugwa kama kufuli. Hufungwa mnyororo tangu alfajiri hadi magharibi, hutupiwa makombo mtu akikumbuka, hana jina, na kazi yake ni kubweka. Kufuli haihitaji maji wala kivuli. Mbwa huvihitaji vyote viwili.

Hata hivyo, hoja hii isivutwe kupita kiasi. Ngeli ya A-WA inawabeba pia mbu, chawa na nyoka, na hakuna anayedai kuwa mbu ana haki ya kukaribishwa chandaruani. Fauka ya hayo, wazungumzaji wengi wa Kiswahili cha bara husema "ng'ombe yangu imepotea", na hao hao husema "mtoto yangu iko shule". Hapana atakayethubutu kudai kuwa hawawapendi watoto wao. Mfugaji wa Kipokoti au wa Kiturkana, ambaye humtungia dume wake nyimbo na kumtambua kila ng'ombe wake kwa rangi na pembe, huenda akauvuruga upatanisho azungumzapo Kiswahili. Lakini wakati wa ukame atatembea mchana kutwa kuwatafutia mifugo wake maji. Msomi naye husema "mbwa wangu" bila kasoro, kisha akamsahau huyo mbwa katika jua la saa saba. Ni bayana kwamba sarufi sanifu haimfanyi mtu kuwa muungwana.

Wahenga waliyatenganisha mambo haya mawili waliponena: ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Uko upatanisho wa kisarufi, ambao hufunzwa darasani na kutahiniwa. Uko pia upatanisho wa neno na tendo, ambao hauna mtihani wala msimamizi. Katika vyuo, neno "utu" halikauki midomoni. Limetajwa katika tasnifu na katika makongamano, na wachambuzi wa riwaya na tamthilia huwahukumu wahusika kwalo. Lakini utu huo hupimwa wapi? Wema anaotendewa mwenye uwezo wa kuulipa waweza kuwa biashara tu. Mwenye nyumba huamkiwa kwa heshima kwa sababu kodi imechelewa. Mhadhiri hupokewa mkoba kwa sababu matokeo hayajatoka. Paka hana alama za kutoa, wala hawezi kumwandikia mtu barua ya mapendekezo. Anayemtendea wema hana tamaa ya malipo, na kwa hivyo wema wake waweza kuaminika.

Wanafunzi wa fasihi wamo katika hatari ya pekee hapa. Huwachambua wanyama kila siku, lakini wanyama hao si wanyama. Sungura wa hurafa ni ujanja, Fisi ni ulafi. Katika Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya kitabu cha George Orwell iliyotoka mwaka wa 1967, nguruwe na farasi ni watawala na watawaliwa. Hiyo ni haki ya sanaa, na haina lawama. Tatizo huzuka pale msomaji anapozoea kumwona mnyama kuwa ishara ya kitu kingine hata asitambue kwamba mnyama mwenyewe yupo mlangoni, na kwamba njaa yake si sitiari. Methali nazo zina sura mbili. Baadhi humtaja mbwa kwa tahadhari au dharau, na neno lenyewe limekuwa tusi. Lakini iko pia isemayo kuwa paka wa nyumba haingwa. Aliyekwisha kupokewa nyumbani hafukuzwi. Ana haki yake ya ukaazi.

Methali hiyo huvunjwa kila mwisho wa muhula. Katika vyumba vya kupanga vilivyo karibu na vyuo, mwanafunzi huokota paka mchanga mwanzoni mwa muhula. Humpa jina, humnunulia maziwa, humpiga picha na kuwaonyesha marafiki. Mitihani ikiisha, mlango hufungwa, basi la kwenda nyumbani huabiriwa, na paka hubaki kwenye ngazi akilia. Baada ya majuma machache ni mzururaji wa majalalani, na akiwa jike huzaa wazururaji wengine. Hakuna aliyempiga. Hakuna uovu uliokusudiwa. Ni wema ulioishia njiani, na wema wa namna hiyo humwacha kiumbe katika hali mbaya kuliko ile aliyookotwa nayo, kwa maana amezoea kulishwa na hajajifunza kujitafutia. Maadili si huruma ya siku ya kwanza. Ni kazi ya siku ya tisini, wakati mchezo umekwisha na kinyesi bado kinahitaji kuzolewa.

Wapo watakaouliza: itakuwaje mbwa na paka wajadiliwe ilhali kuna watu wasiopata mlo? Hoja hiyo ina uzito. Mzazi ambaye watoto wake wamelala njaa halaumiwi kwa kutomlisha mbwa. Lakini mbwa hakuomba kufugwa, na hakuna sheria imlazimishayo mtu kufuga. Asiye na uwezo na asifuge; kujizuia huko nako ni utu. Isitoshe, kumtunza mnyama na kumtunza binadamu hakupingani. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa ugonjwa wa kichaa cha mbwa huwaua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao barani Asia na Afrika, na kwamba mbwa ndio chanzo cha takriban asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu. Watoto ni miongoni mwa wanaoathirika zaidi. Dalili zikishajitokeza, mgonjwa ni nadra mno kupona. Kenya iliandaa mpango wa mwaka 2014 hadi 2030 wa kuutokomeza ugonjwa huo kwa watu, na nguzo yake kuu ni kuwachanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Mbwa koko asiyechanjwa huanzia katika boma la mtu aliyechoka kumtunza. Wa kwanza kuumwa naye si mwenye gari, bali ni mtoto aendaye shuleni kwa miguu.

Sheria na dini zimekwisha kusema. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, Sura ya 360, hulifanya kosa tendo la kumpiga mnyama kikatili, kumtwika kupita kiasi au kumnyima chakula. Biblia, katika Mithali 12:10, humtambua mwenye haki kwa jinsi anavyoujali uhai wa mnyama wake. Katika mapokeo ya Kiislamu, mate ya mbwa ni najisi kwa madhehebu ya Shafi yafuatwayo na wengi pwani. Lakini Hadithi zilizomo katika Bukhari husimulia juu ya mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumchotea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, na juu ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka hadi akafa kwa njaa. Hukumu ya najisi inahusu tohara ya mtu. Haikuwa kamwe ruhusa ya kumtesa kiumbe.

Linalobaki, basi, si nadharia. Anayefuga mbwa ampe maji safi kila siku, amfungue mnyororo, amchanje kila inapopasa. Anayetaka paka katika chumba cha kupanga ajiulize kwanza atakuwa wapi muhula ukifungwa, na kama hana jibu, amwachie mwenye makao ya kudumu. Vyama vya Kiswahili vyuoni navyo vina nafasi ya pekee: siku za chanjo zinapotangazwa vijijini na mitaani, matangazo hayo huhitaji Kiswahili sahihi kinachoeleweka na mama sokoni na mchungaji malishoni. Mwanafunzi ajuaye kwa nini huandikwa "mbwa wachanjwe" wala si "mbwa zichanjwe" ana ujuzi wa kuyaandika. Akiyaandika, kisha akampeleka na mbwa wa kwao kuchanjwa, atakuwa amepatanisha vyote viwili.