Kumpumzisha Mama Si Kumkalisha

Wiki hii ukurasa wetu unawahusu mama na bibi zetu waliovuka miaka hamsini, na unawahusu zaidi watoto wao. Tunazungumzia kisukari, na pamoja nacho jambo ambalo katika nyumba nyingi huhesabiwa kuwa ni wema mtupu: kumwambia mama, "Wewe kaa tu, sisi tutafanya."

Nia ya kauli hiyo ni njema. Dini yetu imempa mama daraja kubwa, na mtoto aliyelelewa vyema huona haya kumwona mama yake amebeba ndoo. Basi katika miji yetu, Karatu ukiwa mmoja wao, mama aliyekuwa akiteremka bondeni kuchota maji na kupanda tena sasa ana bomba uani. Unga unasagwa mashineni na kuletwa kwa bodaboda. Mjukuu hutumwa dukani. Mama huwekewa kiti kizuri, chai yenye sukari, maandazi na mkate. Miaka inapita, kisha tunaambiwa hospitalini kwamba sukari yake imepanda, nasi tunashangaa imetoka wapi.

Ugonjwa ulioongezeka machoni petu

Mwaka 1989 zilichapishwa habari za utafiti uliosimamiwa na Profesa Donald McLarty na wenzake wa Dar es Salaam, waliopima watu wazima katika vijiji sita vya Tanzania. Waliokutwa na kisukari hawakufika hata asilimia 1. Mwaka 2012 ulipofanyika upimaji wa kitaifa kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, kiwango kilikuwa takriban asilimia 9. Tafiti hizi hazikufanana kwa kila jambo, kwani ule wa kwanza ulihusu vijiji peke yake. Hata hivyo, tofauti ni kubwa mno kuweza kupuuzwa.

Kwa mwanamke, hatari huongezeka zaidi hedhi inapokoma. Mafuta yaliyokuwa yakikaa kwenye nyonga na mapaja huanza kukusanyika tumboni, na mafuta ya tumboni huifanya insulini ipoteze nguvu yake. Wakati huohuo misuli hupungua kwa umri, na hupungua kwa kasi zaidi kwa mtu asiyeitumia. Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu, kwa sababu misuli ndiyo mlaji mkuu wa sukari mwilini. Mtu anapotembea au kuinua kitu, misuli huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapokuwa imedhoofu, na faida hiyo huweza kuendelea hadi siku ya pili. Anapokaa kutwa, mlaji huyo hulala, na sukari hubaki ikizunguka katika damu.

Mabibi wa Eyasi

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Ukitoka Karatu ukateremka kuelekea Mang'ola, ukapita mashamba ya vitunguu, unalikuta Ziwa Eyasi. Pembezoni mwake wanaishi Wahadzabe, jamii ndogo ambayo baadhi yao hadi leo wanaishi kwa kuwinda, kurina asali, kuchuma matunda na kuchimba mizizi. Wataalamu walioishi nao miaka ya 1980, akiwemo Kristen Hawkes, waliandika jambo lililowashangaza wengi: mabibi waliokwishakoma kuzaa walikuwa wakitumia muda mwingi zaidi kutafuta chakula kuliko mabinti wao. Bibi huchukua mti uliochongwa ncha, akachimba ardhi ngumu yenye mawe, na mizizi anayorudi nayo hulisha wajukuu.

Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2017 uliwafunga Wahadzabe vifaa vya kupima mapigo ya moyo. Ilionekana kwamba kwa siku hutumia zaidi ya saa mbili katika shughuli za kuchangamsha mwili, na kwamba shughuli hizo hazipungui sana umri unaposogea. Shinikizo la damu na mafuta katika damu vilikuwa katika hali nzuri.

Hatusemi mama zetu wakachimbe mizizi. Maisha ya Eyasi ni magumu, na watoto wengi huko hufariki wakingali wadogo. Tunachojifunza ni kwamba uzee peke yake haumlazimishi mwanamke kukaa. Tena Wahadzabe nao hupumzika, karibu saa kumi kwa siku, lakini mara nyingi huchuchumaa au kupiga magoti, na misuli ya miguu huendelea kufanya kazi.

Upande wa pili, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, mama wa Kimaasai amezoea kutembea masafa marefu kwa ajili ya maji na kuni. Chakula chake kimebadilika: kilimo hakiruhusiwi hifadhini, na unga wa mahindi na sukari hununuliwa dukani. Siku atakapopunguziwa mwendo huku chai ikizidi kuwa tamu, naye ataingia katika safari hiyohiyo ya wenzake wa mjini.

Je, anayeanza uzeeni hufaidika?

Wengi hudhani kwamba aliyekwishafika miaka sitini amechelewa. Ushahidi unasema kinyume. Mwaka 2002 yalitangazwa Marekani matokeo ya utafiti wa watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imepanda lakini haijafikia kiwango cha kisukari. Waliopunguza uzito kidogo na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, mengi yakiwa ni kutembea kwa haraka, walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa dawa ya metformini walipunguza kwa asilimia 31. Na kundi lililonufaika zaidi na mwenendo huo lilikuwa la wenye miaka 60 na kuendelea: asilimia 71.

Dakika 150 ni nusu saa kwa siku, siku tano za wiki. Si lazima ziwe kwa mkupuo mmoja. Utafiti wa mwaka 2013 kwa wazee uligundua kwamba kutembea dakika 15 baada ya kila mlo kuliteremsha sukari vizuri, na matembezi ya baada ya chakula cha usiku yalikuwa na faida ya pekee, kwa kuwa ndiyo saa ambayo wengi hula kisha wakalala. Basi familia ikila mapema na kutembea kidogo kabla ya kujiandaa kwa Isha, itakuwa imefanya jambo kubwa bila ya gharama.

Misuli nayo inahitaji uzito. Mama aketi kwenye kiti imara kisha asimame bila kushika, mara kumi, apumzike, arudie. Ainue chupa mbili za maji. Alime bustani yake ya mboga. Ama sala, sisi huswali kwa ajili ya Allah wala si kwa ajili ya viungo. Lakini ni katika hekima Zake kwamba mara tano kwa siku mja huitwa ainuke alipoketi. Sala haichukui nafasi ya matembezi, bali humwandaa mtu kwayo.

Wapo mama wanaoona haya kufanya mazoezi mbele za watu. Hakuna anayelazimika kuvaa mavazi yasiyomstahi. Baibui pana na viatu vilivyofunga mguu vyatosha, na akina mama watatu wa mtaa mmoja wakitoka pamoja, haya huondoka. Kwa walio kando ya msitu wa Ngorongoro, ambako tembo na nyati huvuka njia, watembee mchana, kwa kundi, au wazunguke uani.

Tahadhari

Mama aliyevuka miaka 45, hasa mwenye tumbo kubwa au ndugu mwenye kisukari, apimwe sukari asubuhi kabla hajala wala kunywa chochote. Ikifika 7.0 au zaidi, daktari atarudia kipimo kuthibitisha. Ikiwa kati ya 6.1 na 6.9, ni onyo, na huo ndio wakati ambao mazoezi husaidia zaidi. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari amwulize daktari wake kwanza, na abebe tende chache au kitu kitamu, kwani sukari inaweza kushuka ghafla. Akague nyayo zake kila siku. Akihisi maumivu ya kifua au kizunguzungu, asimame na apelekwe hospitali.

Asikate tamaa pia iwapo mizani haishuki. Sukari hunufaika na mwendo hata kabla uzito haujapungua.

Nanyi vijana, Mtume (rehema na amani zimshukie) ametufundisha kwamba mwili una haki yake juu ya mwenye nao. Mama anapotaka kwenda sokoni kwa miguu, msimnyang'anye kikapu. Mwondoleeni mzigo mzito, mwachieni mwepesi, kisha mmoja wenu avae viatu aongozane naye. Kumtumikia mama ni pamoja na kumlindia miguu yake, ili siku zake zilizobaki azipite akiwa amesimama.