Makosa ya Terminator 2 hayana uzito sawa

Katika filamu ya Terminator 2: Judgment Day, iliyoongozwa na James Cameron na kutoka mwaka 1991, roboti T-1000 inalirusha lori kutoka barabarani hadi chini kwenye mfereji wa maji ya mafuriko wa Los Angeles, ikimfukuza mtoto John Connor aliye kwenye pikipiki. Lori linatua kwa kishindo na vioo vyake vya mbele vinachomoka. Muda mfupi baadaye vioo vile vile vinaonekana mahali pake, vizima. Kila orodha ya makosa ya filamu hii ina tukio hilo, na si ajabu, kwa kuwa mwenye macho haliwezi kumpita. Tatizo ni kwamba watazamaji wengi huishia hapo, wakaliacha kosa ambalo athari yake ni kubwa zaidi.

Filamu haipigwi kwa mfuatano tunaouona. Tukio la dakika tatu hupigwa kwa siku kadhaa, na picha iliyopigwa leo ikaja kukaa kabla ya ile ya juzi. Mhariri akiwa na picha mbili, moja yenye mwendo na hofu, nyingine yenye kioo kinacholingana, huchukua ya kwanza, na yuko sahihi. Walter Murch, mmoja wa wahariri wakubwa wa Marekani, alipoorodhesha vigezo vyake sita vya ukataji mzuri, aliipa hisia asilimia 51, na ulinganifu wa mahali na vitu akaupa asilimia 4. Waliopiga kura za Oscar nao walielekea kuona hivyo: Terminator 2 ilishinda tuzo nne, na hata uhariri wake, pamoja na vioo vile, uliteuliwa kuwania.

Kosa zito linahusu sharti lililowekwa kwenye filamu ya kwanza, ya mwaka 1984. Kyle Reese, askari aliyetumwa kutoka mwaka 2029, amekamatwa na anahojiwa kituo cha polisi. Daktari wa akili anamuuliza mbona hakuja na silaha za huko atokako. Reese anajibu kwamba kisicho hai hakipiti. Daktari, ambaye hamwamini hata kidogo, anamrudishia swali zuri kuliko yote katika filamu: roboti ya chuma ilipitaje? Ilipita kwa sababu imefunikwa nyama hai. Jibu hilo fupi limeibeba filamu nzima. Ndiyo maana wote wawili wanafika uchi, ndiyo maana Reese anajihami kwa bunduki ya kuiba na mabomu ya kutengeneza chumbani, na ndiyo maana tunamhofia. Miaka saba baadaye inakuja T-1000, chuma kimiminika mwili mzima, bila hata kipande cha nyama, na safari hii hakuna anayeuliza imepitaje.

Wapo watakaosema kwamba aliyekwisha kubali roboti itoke wakati ujao hana haki ya kudai mantiki. Haki anayo. Hadithi ya namna hii humwomba mtazamaji akubali jambo moja lisilowezekana, na akishakubali, ni wajibu wa mwandishi kuyaheshimu masharti aliyojiwekea mwenyewe, kwa kuwa pasipo masharti hakuna hatari. Wengine hutetea kwamba huenda T-1000 iliiga mwili hai. Filamu haisemi hivyo. Na kama kuiga ngozi kunatosha, basi bunduki nayo ingefungwa ndani ya mnofu ikapita.

Nakubali kwamba Terminator 2 haikuanguka. Hofu ya kiumbe anayeweza kuvaa sura ya yeyote, hata ya polisi, ni kubwa kiasi kwamba swali linasahaulika. Lakini deni lilibaki, na wakalipa wengine. Mwaka 2003 Terminator 3 ilileta roboti ya T-X ikiwa na silaha za wakati ujao ndani ya mkono wake, jambo ambalo Reese alishasema haliwezekani. Filamu hiyo hiyo inamfanya John aseme alishambuliwa akiwa na miaka 13, ilhali kompyuta ya polisi katika ile ya 1991 ilimwonyesha ana miaka 10. Kufikia 2019, Terminator: Dark Fate ililazimika kujifanya filamu zote zilizofuata ya pili hazikuwahi kuwapo.

Cameron mwenyewe alirekebisha vioo vya lori alipoitoa upya Terminator 2 kwa 3D mwaka 2017. Marekebisho hayo hayakuongeza wala kupunguza kitu katika hadithi, na swali la daktari lilibaki bila jibu. Wanaoorodhesha makosa ya filamu hii wanapaswa kuanza na hilo, na vioo wakaviweka mwisho.