Baiskeli Ndakaini: Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Katika siku za mapumziko waendeshaji baiskeli huonekana wakipanda vilima vya Gatanga, katika Kaunti ya Murang'a, kuelekea Bwawa la Ndakaini. Wako watokao Thika, na wako watokao Nairobi. Hupita kati ya mashamba ya chai, wakalizunguka bwawa, wakautazama msitu wa Aberdare uliosimama nyuma yake, kisha wakateremka kwenda zao. Hawakutengewa njia yao maalumu. Wanachokiacha nyuma yao ni vumbi, na pengine bei ya kikombe cha chai na ndizi mbili.

Sisi tunaona kwamba wakati umefika wa jambo hili kupangwa. Tunasema kupangwa; hatusemi kujengwa. Katika tofauti hiyo ndimo yalimo maoni yetu ya leo.

Yafaa kwanza tukumbushane Ndakaini ni mahali gani. Bwawa hilo lilikamilika mwaka 1994. Ukingo wake una kimo cha mita 65, na likijaa hubeba maji yapatayo mita za ujazo milioni 70, yaletwayo na mito ya Thika, Githika na Kayuyu. Zaidi ya asilimia 80 ya maji yanayotumiwa na jiji la Nairobi yamekuwa yakitegemea hapo. Mvua zilipopungua, wakazi wa Nairobi walianza mwaka 2017 kwa mgawo wa maji, na wengi wao ndipo walipolisikia jina la Ndakaini kwa mara ya kwanza. Basi bwawa hili si kidimbwi cha starehe. Ni mtungi wa mamilioni ya watu, na mtungi hauchezewi.

Adui mkubwa wa bwawa kama hili, ukiacha ukame, ni matope. Udongo unaochukuliwa na mvua kutoka katika mashamba ya miteremko na katika barabara zisizo na mitaro huishia chini ya maji, na kila kiasi cha udongo kinachotua humo hunyang'anya nafasi ya maji. Ndiyo maana mwaka 2015 ulianzishwa mfuko maalumu wa kuhifadhi vyanzo vya maji vya eneo la juu la mto Tana, ili wakulima wasaidiwe kuchimba matuta na kupanda nyasi za kuzuia mmomonyoko. Mkulima wa Gatanga anaposhika jembe na kutengeneza tuta, anamwekea akiba ya maji mtu wa Nairobi asiyemjua.

Kwa sababu hiyo, mtu yeyote atakayekuja na mpango wa kukata barabara mpya msituni, au kumwaga lami ukingoni mwa bwawa kwa jina la utalii, hatatupata upande wake. Lakini baiskeli haidai hayo. Njia zipo tayari. Ipo ile ya kulizunguka bwawa, ambako kwa miaka kadhaa wanariadha wamekimbia mbio za kilomita 21 zilizokusudiwa kuhimiza hifadhi ya mazingira. Zipo barabara za chai, zinazopitwa na malori yakusanyayo majani kutoka vituoni. Zipo pia njia za kando ya msitu zinazotumiwa na walinzi wake. Kinachohitajika ni kuchagua zile zinazofaa, kuzichimbia mitaro, kuweka vibao, na kuwaeleza wageni ni wapi wasipoweza kukanyaga.

Ndani kabisa ya msitu ni habari nyingine. Aberdare ni makao ya ndovu na nyati, na uzio wa umeme wa kilomita zipatazo 400 uliokamilika mwaka 2009 haukuwekwa kwa mapambo. Uliwekwa ili wanyama wasile mashamba na watu wasile msitu. Mwendesha baiskeli asiingie humo ila kwa idhini na akiwa na askari wa misitu. Tena, njia za udongo zifungwe wakati wa mvua kubwa za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba, kila zinapolowa. Gurudumu likipita kwenye tope huchora mfereji, na mfereji huo hupeleka udongo kule kule bwawani. Asiyeweza kungoja njia ikauke hajaipenda nchi hii. Ameipenda baiskeli yake tu.

Wako watakaosema kwamba usalama wa bwawa unataka watu wote wafukuzwe. Tunaiheshimu hofu yao, lakini hatukubaliani nao. Msitu wa Karura, pale Nairobi, umetufundisha somo. Mwaka 1999 marehemu Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokuwa wakiutetea usigawanywe kwa wajenzi wa majumba. Hata baada ya kuokolewa, watu wengi waliuogopa kama pango la wahalifu. Ulipowekewa uzio, njia na walinzi, na raia wakaanza kuingia kwa miguu na kwa baiskeli, wahalifu walikosa mahali pa kujificha. Msitu unaopendwa na watu wengi una mashahidi wengi. Msitu usioonekana hukatwa bila mtu kujua.

Sasa tuje kwa mwenyeji. Bwawa la Ndakaini halikuchimbwa penye jangwa. Limekaa juu ya ardhi iliyokuwa mashamba na makazi ya watu. Mara nyingi yamesikika malalamiko ya wakazi wa jirani kwamba maji hupita mbele ya macho yao kwenda jijini, na wao hubaki na ndoo vichwani. Ikiwa baada ya maji kwenda Nairobi, na furaha ya mandhari nayo itatwaliwa na watu wa Nairobi, na ada ya kiingilio ikapelekwa Nairobi vilevile, basi tutakuwa tumewadhulumu watu hao mara tatu. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji atazame.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. La kwanza, mkazi wa mahali asitozwe hata senti kwa kupita njia hizo. Mtoto aendaye shule na mkulima apelekaye maziwa sokoni walikuwa na baiskeli kabla ya mgeni kufika na kofia yake ngumu. Njia ikiwafaa hao, itamfaa kila mtu. Njia isiyowafaa hao ni uwanja wa michezo wa matajiri.

La pili, kazi ya kuongoza wageni, kutengeneza baiskeli, kuuza chakula na kulaza watu iachiwe wenyeji, hasa vijana. Nyumba za watu zenye chumba cha ziada zatosha. Hatuoni haja ya hoteli yenye mabomba yanayomwaga uchafu mtoni juu ya maji ya kunywa.

La tatu, makubaliano ya fedha yaandikwe kabla ya kibao cha kwanza kusimikwa. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 imevipa vyama vya jamii nafasi ya kushirikiana na Shirika la Huduma za Misitu katika kutunza misitu. Lakini mwaka 2025 tuliona huko Karura jinsi mvutano juu ya nani apokee ada ulivyowafikisha washirika wa zamani mahakamani. Ndoa njema huanza na maneno yaliyo wazi. Itamkwe mapema ni sehemu gani ya kila shilingi itakayopanda miti, gani itakayochimba mitaro, na gani itakayoleta bomba la maji kwa jirani wa bwawa.

Tunawasihi viongozi wa Kaunti ya Murang'a, Shirika la Huduma za Misitu, kampuni ya maji ya Nairobi na wakulima wa Gatanga wakutane mapema. Wasingoje mtu wa kwanza mwenye mkoba wa fedha aje na ramani zake, kwani akishafika huyo mazungumzo hugeuka mnada. Leo waendeshaji ni wachache na kosa bado ni dogo kurekebisha.

Nanyi waendeshaji baiskeli, tunawakaribisha. Pandeni vilima, mvute hewa safi, mnunue ndizi. Lakini mjue kwamba maji yale mtakayoyaona yaking'aa chini ya msitu ndiyo mtakayoyakinga bombani mkirudi nyumbani, na kwamba yupo mtu aliyeacha shamba ili mpate kuyanywa.