Saa za Tiketi Si Saa za Ukutani

Jumapili moja ya mwezi wa Januari, jirani yangu alinibishia mlango saa tatu asubuhi, leso begani, macho mekundu. Usiku uliotangulia alikuwa amemsindikiza binti yake uwanja wa ndege akienda New York kusoma.

"Jirani, ndege imeanguka! Ilikuwa ifike saa kumi na mbili na hadi sasa mtoto hajapiga simu. Nyanyake presha imempanda, hata chai amekataa."

Nikamwomba nakala ya tiketi. Kuondoka 23:00, kufika 06:00. Mama alikuwa amehesabu kwa vidole: safari ya saa saba.

Msomaji mpendwa, kosa hilo si lake peke yake. Tiketi huandika saa za kila mji. Kuondoka ni kwa saa za Nairobi, kufika ni kwa saa za New York.

Wanafunzi watanielewa upesi. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kila saa. Saa zetu hufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki. Za New York hufuata nyuzi 75 magharibi. Jumla ni 120. Gawanya kwa 15, upate 8. Hizo ndizo saa tunazowatangulia. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, wao husogeza saa zao mbele kwa saa moja, na tofauti huwa saba.

Basi saa kumi na mbili asubuhi ya Januari kwao ni saa nane mchana kwetu. Kutoka saa tano usiku hadi hapo ni muda wa saa 15.

Umbali nao wakubali. Miji hii imetengana kwa kilomita 11,800 hivi. Ndege kubwa ya abiria huenda kama kilomita 900 kwa saa, kwa hivyo hapo pekee ni zaidi ya saa 13. Ongeza kupaa, kutua na upepo. Juu ya Atlantiki upepo mkali huvuma kutoka magharibi. Ndege inayokwenda Marekani hupambana nao, inayorudi husukumwa nao. Ndiyo maana kurudi huwa kufupi kidogo.

"Mama," nikamwambia, "saa hii mtoto yuko juu ya bahari. Mwambie nyanya anywe chai."

Saa kumi kasorobo simu ikalia. Nilisikia vigelegele hadi kwangu.

Mzazi, kabla mtoto hajaondoka, ketini mezani na karatasi. Andikeni saa za huko upande mmoja, za hapa upande wa pili, na mbandike ukutani. Itawafaa hata baadaye, kwani ukimpigia saa mbili asubuhi mwezi wa Januari, utamwamsha usiku wa manane. Kuuliza si ujinga.

Fumbo la wanafunzi: ndege ikiondoka New York saa sita mchana mwezi wa Januari, iruke kwa saa 14, itatua Nairobi saa ngapi? Usichungulie jibu kabla ya kupiga hesabu!

Jibu: saa nne asubuhi, siku ya pili yake.

Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.