Ng'ombe wa Mahari Hawakumnunua Mtoto

Huku Lemera baba aliyetoa ng'ombe wa mahari aweza kusema baada ya talaka: «Watoto ni wangu.» Mwingine humwachia mama watoto wote, wala hatoi hata kibaba cha unga. Sheria ya Jamaa ya Kongo ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, haikubali desturi hizo. Hakimu hutazama kwanza faida ya mtoto, ndipo amkabidhi kwa baba, au mama, au hata mtu mwingine. Naye mzazi asiyekaa na mtoto angali mzazi: ana haki ya kuangalia malezi yake, tena hana budi kuchangia chakula, mavazi na masomo kwa kadiri ya uwezo wake. Basi, ewe baba, usingoje kuitwa barazani: peleka unga leo.