Kimya si Desturi ya Mtaita

Likitangazwa tamasha la muziki Voi, kabla hata jukwaa halijajengwa utasikia: "Hayo si mambo yetu, yanakuja kuharibu watoto." Husemwa na mzee wa mtaa, na mwinjilisti, na hata kijana aliyenyoa denge. Husemwa kwa uzito wa wosia wa mababu. Ni uongo mtupu.

Mababu gani hao? Wadawida, yaani Wataita, walikuwa na mwazindika, ngoma ya kuwatibu wenye pepo. Mwanaanthropolojia Grace Harris aliandika mwaka 1957 kuhusu saka, hali iliyowashika wanawake walioolewa huku Taita. Sehemu ya tiba yake ilikuwa ngoma ya hadharani, na mama aliyeshikwa alicheza akiwa na tarbushi nyekundu au kofia ya mwanamume, mikanda ya shanga kifuani, fimbo ya kijana mkononi. Hebu mpandishe mama huyo jukwaani leo pale uwanja wa Moi, uone barua zitakavyomiminika ofisini kwa mkuu wa polisi! Kuionea haya ngoma kulipanda milima hii pamoja na misheni: Waanglikana Sagalla mwaka 1883, Wakatoliki Bura mwaka 1892. Siwadharau, shule zao zimetusomesha. Ila asije mtu akaniuzia katazo la mgeni kwa jina la urithi wa babu yangu.

Wapingaji wana hoja moja yenye miguu, nayo ni disco matanga. Hapo sibishani. Pwani nzima tumeona mkesha wa maiti ukigeuka dansi: familia inakodi mashine, watu wanatoa hela ili wimbo wao upigwe au usimamishwe, na fedha hizo ndizo za mazishi. Kumbe gizani nyuma ya nyumba binti wa darasa la saba yuko na mtu mzima, na hakuna anayemuuliza yeyote kitu, maana ni msiba. Marufuku zimetangazwa kila mara, na dansi zinaendelea.

Lakini tazama kilicho kibaya pale. Hakuna lango, hakuna taa, hakuna saa ya kufunga, hakuna mtu mwenye jina lake kwenye kibali. Tamasha lenye tiketi na mabawabu ni kinyume cha hayo yote. Ukilifuta, kijana haendi kulala. Anafuata mlio wa spika mpaka matangani. Wanaodai kuwalinda watoto kwa kufuta tamasha wanawasindikiza huko huko wanakokuogopa.

Tena wanabagua kelele. Voi imekaa kwenye barabara kuu ya Mombasa na Nairobi. Malori yanalala hapa, na baa zinazoyahudumia zinatetemesha mabati mpaka alfajiri. Hizo tumezizoea. Mwenye baa ni mlipa kodi, labda pia mchangaji mkubwa wa harambee. Kijana mwenye gitaa anayeomba uwanja kwa Jumamosi moja ndiye anayeitwa mharibifu. 

Halafu tunajigamba kwa mwanamuziki Fadhili William. Mzaliwa wa huku, ndiyo, na sauti yake ndiyo iliyoufikisha wimbo wa "Malaika" kwenye sahani ya santuri, ingawa ugomvi wa nani hasa aliutunga haujaisha. Miriam Makeba akauimba, Boney M wakauimba. Ila jina la Fadhili lilijengwa kwenye studio za Nairobi. Tunapenda wasanii wetu wakishakuwa mbali, au wakishakufa.

Katiba ya 2010 haikuacha jambo hili hewani. Jedwali la Nne limeipa serikali ya kaunti kazi mbili zinazofuatana: kudhibiti kelele na kero za umma, na kusimamia utamaduni na burudani za umma. Mkono ule ule. Basi kaunti ipange saa ya kuzima mitambo, idadi ya vyoo, taa mpaka stendi ya matatu, na umri wa kuingia. Anayevunja atozwe faini. Na wale wanaozungusha karatasi ya saini kila tamasha likitajwa, waanze na baa iliyo jirani na shule. Nitakuwa wa kwanza kutia sahihi.